Rubondo Niliyoikata kwa Rula

Daftari bado ninalo. Lina jalada gumu jeusi, na kurasa zake nne za mwanzo hazipo. Nilizichana mwenyewe kwa sababu mistari ya jedwali haikunyooka. Kwenye ukurasa wa tano nimeandika kwa herufi kubwa: MAMA AONE WANYAMA. Chini yake nimepanga majina ya hifadhi, na mbele ya kila jina kuna safu: umbali, msimu, hali ya barabara, wanyama waliopo, uhakika wa kuwaona. Rubondo ni ya sita. Nimeikata kwa rula na wino mwekundu, mstari mmoja ulionyooka kuliko yote niliyowahi kupiga, na pembeni nimeandika sababu: hakuna simba, kuna mafunjo.

Majirani waliosikia habari za safari zetu wananiambia nitabarikiwa kwa kumtendea mzazi wema. Nimewaacha waendelee kusema hivyo. Hapa nitasema ilivyokuwa.

Ninatengeneza kadi za harusi na za kipaimara kwa kompyuta, chumbani kwangu, Ilemela, kwenye nyumba iliyokaa juu ya mawe kama nyumba zote za upande wetu. Hakuna aliyenifundisha. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sitayataja, nikajifunza kompyuta kwa kutazama video za simu, na Kiingereza kwa kamusi iliyokosa herufi ya S hadi Z. Mtu aliyejifunza peke yake ana woga wake, kwamba hajui ni mambo gani hakufundishwa. Ndiyo maana ninakagua kila kitu mara mbili, kisha ninaanza upya. Kuna kadi ya harusi niliyoirudia mara kumi na moja kwa ajili ya ua lililokaa upande kidogo, mpaka wageni wakaalikwa kwa simu. Bwana harusi alikuja kuchukua kadi zake Jumatatu, baada ya harusi, akazipokea huku anacheka. Nilipobaki peke yangu nilitazama moja iliyobaki mezani nikaona ua bado limekaa upande.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua.

Mwezi wa tatu mwaka juzi nilimpeleka mama hospitali kwa sababu alikuwa anajigonga. Alikuwa anagonga bega kwenye fremu za milango aliyoipita miaka ishirini. Mama ni Mhaya, alihamishiwa Mwanza akiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, akafundisha darasa la tatu mpaka akastaafu. Baba alifariki nikiwa mdogo, na ndugu wengine sina, kwa hiyo nyumbani tuko wawili.

Hospitali walimkalisha mbele ya mashine, akaegemeza kidevu, akaambiwa abonyeze kitufe kila anapoona nukta ya mwanga. Nilikuwa nje ya pazia, nikisikia kitufe kinalia mfululizo, nikajisemea kwamba mama anafanya vizuri. Daktari alipotazama karatasi akakunja uso. Majibu hayakuwa na kichwa wala miguu. Mama akakiri, kwa aibu, kwamba alikuwa anabonyeza hata pale asipoona kitu, ili asimchoshe yule binti wa mashine. Wakarudia. Safari hii nilikisikia kitufe mara chache, na katikati kimya kirefu.

Ilikuwa presha ya macho. Daktari alisema jicho la kushoto limekwisha, na la kulia linaona katikati tu. Alikunja ngumi, akaacha tundu dogo, akaniambia nifanye kama yeye na nitazame ukuta. Nilitazama. Niliona kipande cha kalenda, tarehe mbili au tatu. Alisema kilichopotea hakirudi, matone yatalinda kilichobaki, lakini hawezi kuahidi ni kwa muda gani. Kisha akasema, bila kuinua kichwa kwenye karatasi zake, "Kama kuna kitu mama anatamani kukiona, msikae mnasubiri."

Tulipokuwa tunashuka ngazi, mimi nimemshika mkono, nikamuuliza anatamani kuona nini. Nilidhani atasema Bukoba, au kaburi la baba yake.

"Ningependa kuona wanyama," akasema.

"Wa porini?"

"Eeh. Nimewachora ubaoni miaka yote ile. Ukiacha hawa pimbi wa kwenye mawe yetu, nimemwona nani?"

Nikamwambia nitampeleka, na kwamba nitamchagulia mahali pazuri kuliko pote. Jioni ile ile nilinunua daftari.

Sitaki ionekane kwamba nilikuwa mvivu. Nilifanya kazi. Kutoka Mwanza, Serengeti iko karibu: unapita Kisesa, Magu, Lamadi, na lango la Ndabaka liko pale pale kando ya barabara ya Musoma. Wasafiri wa mabasi huona pundamilia kupitia dirishani bila kupanga. Lakini nilisoma kwamba upande huo wa magharibi una nyumbu wengi kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba tu, basi nikaona haifai kwenda wakati mwingine. Nilisoma habari za Tarangire na tembo wake, nikaipa alama nyingi, kisha nikaipunguzia kwa ajili ya umbali. Ngorongoro nikaipenda kwa wiki tatu, hadi niliposoma kwamba asubuhi kuna ukungu, na nikamwona mama katikati ya ukungu ule na lile tundu lake la jicho. Kisiwa cha Saanane, ambacho tunakiona tukishuka mjini, sikukiandika kabisa. Niliona ni aibu kumpeleka mama mahali ambapo watoto wa shule hupelekwa na uji wao kwenye chupa.

Usiku na mchana nilikuwa nasoma maoni ya watalii kwenye simu. Wawili walikwenda mahali pamoja wiki moja, mmoja akaandika kwamba aliona simba tisa, mwenzake akaandika kwamba alikaa saa sita na kuona vumbi. Huyu wa vumbi ndiye niliyemwamini. Nilikuwa naweza kuvumilia mambo mengi, lakini si mama yangu kutoka pale akiwa ameona vumbi.

Jirani yetu wa chini ya mawe ni dereva wa watalii. Ni mtu wa utani, na kila akirudi kutoka porini hupita kumwamkia mama. Aliniita Profesa tangu siku aliyoliona daftari. "Profesa, umefika Serengeti, au bado uko safu ya nne?" Nikimwuliza maswali, alikuwa anajibu kwa upole mwanzoni, baadaye akawa anajibu jambo moja kila mara, kwamba mnyama hana ratiba. Mimi nikaandika hata hilo, kwenye safu ya uhakika.

Mwezi wa sita mwaka ule alikuja asubuhi akasema kesho anapeleka gari tupu kuwachukua wageni ndani ya Serengeti, anapitia Ndabaka, nafasi ipo, tukitaka kulala atatutafutia mahali. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliinuka palepale akaanza kutafuta sweta. Mimi nilifungua simu, nikaona mtu ameandika kwamba nyumbu wameshasogea kaskazini tangu wiki iliyopita. Nikamwambia dereva hapana, tutasubiri mwakani wakiwa wengi. Mama alirudi kukaa, akavuta ungo. Sweta lilikaa begani kwake mpaka mchana.

Nilijieleza vizuri sana siku ile, na naukumbuka ule ufasaha wangu. Nilisema ni mara moja tu maishani, kwa hiyo lazima iwe sawasawa. Mama akasema, "Sawa, wewe ndiye unayesoma."

Mara moja tu aliuliza jambo kuhusu daftari. Nilikuwa namsomea orodha, yeye amefumba macho baada ya matone, akauliza ni wapi kati ya hizo kuna mabwawa yenye mafunjo. Nikamsomea. Nilidhani anaogopa mbu, maana malaria ilimsumbua sana ujanani. Nikaongeza safu ya mabwawa, na kila penye mafunjo nikapunguza alama. Rubondo, ambacho ni kisiwa, kingo zake zote ni msitu na mafunjo. Hapo ndipo nilipochukua rula.

Na kuna siku nyingine ambayo nilipaswa kuielewa. Dereva alileta nyamapori kutoka bucha ya mjini, kilo moja, zawadi. Kabla hajakaa mama akamwuliza, "Ni ya mnyama gani hii?" Akajibiwa nyumbu. Mama akauliza tena kama ana uhakika. Dereva akacheka, akasema mama, hata risiti ninayo. Ndipo akaipokea. Mimi nilimwona ni mtu wa kuchagua chagua, nikajisikia vizuri kwamba nimerithi kwake.

Mwaka ukapita. Mama alikuwa anamimina chai nje ya kikombe. Mara ya kwanza alifuta meza akasema kikombe kimesogea. Baadaye alianza kutia kidole ukingoni kabla ya kumimina, akiungua kidogo kila mara bila kusema. Ngazi za mawe za kwenda barabarani alikuwa anazihesabu kwa sauti ya chini, ni arobaini na mbili. Siku moja alipoteza hesabu akasimama pale pale katikati, na mimi niliyekuwa nyuma yake nikamwona anageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyeitwa na sauti asiyojua inatoka wapi. Nilimshika mkono tukashuka. Jioni nikafungua daftari nikaongeza safu nyingine: mnyama husimama umbali gani kutoka barabarani.

Ninajua inavyosomeka. Nilichoweza kufanya kwa hofu yangu ni kupiga mistari, nikapiga mistari.

Mwezi wa sita ulipofika tena, mvua zilikuwa zimechelewa kuisha na nikasoma kuhusu matope. Mwezi wa saba mama alishikwa na homa. Mwezi wa nane dereva alikuja mwenyewe bila utani. Aliniita nje, akasimama kwenye jiwe letu la kuanikia nguo.

"Dada," akasema. Hakuniita Profesa. "Jana nimemwamkia mama yako nikiwa mlangoni. Ameitikia marahaba, akaitazama friji."

Tuliondoka keshokutwa yake kwa gari lake, kwenda Serengeti kupitia Ndabaka.

Nilikuwa nimemnunulia mama darubini, na nyumbani nilikuwa nimemfanyisha mazoezi ya kutazama nayo mitungi ya jirani. Porini haikusaidia kitu. Mtu anayeona kupitia tundu dogo, ukimpa darubini unamziba hata hilo. Dereva aliinua paa la gari, mama akasimama ameshika bomba, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa vizuri, amevaa gauni la Jumapili. Kulikuwa na wanyama. Lazima niseme hivyo kwa haki, kwamba kulikuwa na wanyama, wengi kuliko jedwali langu lilivyotabiri kwa mwezi ule. Twiga alivuka mbele yetu taratibu, na huyo, mama alimpata shingo, akaifuata juu hadi kichwani, akaangua kicheko. Nyamera, ngiri na swala walipita kama maneno tu ya mdomoni mwangu. Nilikuwa nasema pale, kulia, nyuma ya kichaka, na nilipomaliza kusema mnyama alikuwa ameshahama.

Karibu na saa tano redio ya dereva ilikoroma, mwenzake akamwambia kuna sharubu kwenye mti wa tatu baada ya kivuko. Sharubu ni simba. Wanaita hivyo ili wageni wasishtuke mapema. Tulimkuta dume amelala kivulini, karibu kiasi kwamba nilisikia akipumua. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na ilidumu kwa sekunde chache.

"Wapi?" mama akauliza.

"Pale chini ya mti."

"Mti upi?"

Nilimshika kichwa nikakigeuza. Nikamwambia ashuke na shina kwa macho. Akashuka na shina la mti mwingine. Nikamwambia kushoto, akaenda kushoto mno, akafika kwenye gurudumu la gari lililokuwa limesimama jirani yetu. Dereva alisogeza gari mbele, kisha nyuma, kisha akazima injini. Nilianza kueleza kwa mishale ya saa, kwamba yuko saa nane, kisha kwa mawe, kwamba kuna jiwe jeupe, umeona jiwe? Nilikuwa naisikia sauti yangu ikipanda. Simba alipiga miayo. Mkono wa mama ukatafuta wangu ukaubonyeza.

"Nimemwona," akasema. "Mkubwa kweli."

Alikuwa anatazama nyasi. Simba alikuwa upande wa bega lake. Niliusikia mkono wake ukibonyeza wangu, nikakikumbuka kile kitufe cha hospitali.

Tulikula mchana kando ya mto, kwenye meza za saruji. Dereva alikuwa anamsimulia mama habari za mamba. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasafisha mikono, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na nzohe wako upande gani? Huku au tutawakuta mbele?"

Dereva alitafuna kwanza akamaliza. "Nzohe hawapo huku, mama. Nzohe ni jamii ya swala wa kwenye mafunjo. Wako Rubondo."

"Ah," mama akasema. "Huku hawapo kabisa?"

"Kabisa, mama."

Akaanza kukunja mfuko wa vitafunwa, akaukunja mara mbili, mara nne, ukawa mdogo.

Nilimwuliza kwa nini nzohe. Alinieleza kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua. Kwao kila ukoo una mwiko wake, mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo hawakili wala hawakidhuru. Mimi ni wa ukoo wa baba, na mwiko wa upande huo nilifundishwa. Wa mama sikuwahi kuuliza. Mwiko wao ni nzohe. Baba yake alimwambia akiwa na miaka sita au saba kwamba yule ni kama ndugu yetu, ukimkuta unampa heshima yake unapita. Lakini baba yake naye hakuwahi kumkuta. Mabonde ya kwao yalikuwa yamelimwa, mafunjo yamekatwa, na babu alifariki akiwa anamjua ndugu yake kwa kusimuliwa. Mama alipokuwa anawachora wanyama ubaoni, yule peke yake alimchora kwa kubahatisha, maana kitabu cha shule hakikuwa naye.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisema nataka kuona wanyama," akasema. "Nilidhani hifadhi ni hifadhi, wapo wote. Nilipoona unahangaika vile, sikutaka kukuongezea safu nyingine."

Dereva aliinuka akaenda kutazama matairi.

Mwaka mmoja na miezi mitano nilikuwa nimelinganisha kila kitu na kila kitu, na sikuwa nimemwuliza mama yangu ni mnyama gani. Nilikuwa nimemwamulia kwamba ni simba, kwa sababu watalii wote waliandika simba. Njia nzima ya kurudi, kutoka Lamadi hadi Kisesa, mama alisinzia begani kwangu, nami nilikuwa naufikiria ule mstari mwekundu, jinsi nilivyofurahi ulivyonyooka.

Wiki tatu baadaye tulikwenda Rubondo. Sikupanga chochote. Tulipanda basi asubuhi, tukavuka daraja jipya la Busisi, tukapita Sengerema, Geita na Chato, tukalala kwenye nyumba ya wageni karibu na ziwa, na asubuhi boti ikatuvusha hadi kisiwani. Nilikuwa sijasoma maoni ya mtu hata mmoja. Sikutulia kwa hilo. 

Katika wiki zile tatu mama alikuwa ameacha kutazama televisheni. Alisema vipindi vimekuwa vibaya.

Askari wa hifadhi aliyetupeleka alikuwa kijana mpole mwenye sauti ndogo. Nilimweleza hali ya macho ya mama kwa pembeni. Alifikiri, akasema hatutatembea, tutakwenda kwa mtumbwi wa injini asubuhi sana hadi kwenye ghuba moja yenye mafunjo, atazima injini, tukae kimya, na Mungu akipenda atatoka kula ukingoni. Aliniambia akitoka atakuwa karibu, lakini ni mnyama mwoga mno, akisikia kitu huzama majini akaacha pua tu.

Tulikaa. Maji yalikuwa yametulia na mafunjo yalisimama kama ukuta. Mama alikuwa kwenye ubao wa mbele, amekunja ngumi yake na kuiweka jichoni, ile ile ngumi ya daktari, nadhani ili apate mahali pa kukaza macho. Askari alikuwa nyuma. Mimi nilikuwa katikati, miguu yangu pembeni mwa dumu la mafuta. Nilikuwa nimeapa sitasema neno.

Akatoka. Sikuona akitoka. Niliona tu kwamba pale ambapo palikuwa na mafunjo sasa kuna mnyama, amesimama ndani ya maji hadi magotini, kichwa chini. Askari alinigusa mgongo kwa kidole. Nikamwinamia mama nikamnong'oneza kwamba yupo, mbele yako, ukingoni.

Mama hakuuliza wapi. Aliteremka polepole kutoka kwenye ubao, akaweka goti moja kwenye sakafu ya mtumbwi, akainamisha kichwa, kama anavyowasalimu wakubwa tukienda kwao. Mikono ameikusanya mapajani. Alikuwa anaelekea mafunjo, lakini si pale. Alikuwa amekosea kwa kiasi kidogo sana, labda upana wa mlango, kulia mwa yule mnyama.

Nilipaswa kumwacha. Kila siku ninajua kwamba nilipaswa kumwacha. Kichwa chake kikiinuka kingeweza kupita pale chenyewe, lile tundu dogo la jicho lingeweza kumkuta. Au lisingemkuta, na angekuwa ameshatoa salamu yake, na salamu ingetosha. Lakini nilikiona kile kiasi kidogo kama nilivyokiona kwenye ua la kadi. Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nilimshika mabega nikamgeuza kushoto, na kisigino changu kikapiga dumu.

Sauti ilikuwa kubwa kama mlango wa bati.

Kulikuwa na maji yanayorushwa, mara moja, kisha mafunjo yakatikisika kuelekea ndani, zaidi na zaidi, na hatimaye yakatulia. Askari alishusha pumzi. Hakunilaumu. Mama alibaki amepiga goti, mabega yake bado mikononi mwangu, sasa ameelekea sawasawa kabisa pale alipokuwa.

"Ameondoka?" akauliza.

"Ameondoka."

"Nimesikia akiingia."

Tulisubiri mpaka jua likapanda na maji yakaanza kung'aa kiasi kwamba hata mimi sikuona vizuri. Tulirudi jioni, tukasubiri tena, na asubuhi ya pili pia. Nilikuwa nimelishusha dumu, nimevua viatu. Alitoka kiboko, walitoka ndege. Asubuhi ya pili, katikati ya kungoja, mama aliuweka chini mkono wake uliokuwa jichoni, akaukunjua vidole kimoja kimoja kana kwamba vimekufa ganzi, na hakuurudisha tena. Nilimwuliza kama amechoka. Akasema hajachoka, ila anaona ni ukungu. Hapakuwa na ukungu.

Kwenye boti ya kurudi tulikaa tumeegemeana. Upepo ulikuwa unapiga kitambaa chake usoni mwangu. Aliniuliza yule mnyama alikuwa wa rangi gani.

Nilikuwa nimeshasoma, mara ile ile kabla ya kuchukua rula. Nikamwambia kwamba madume huwa na rangi ya kahawia iliyokolea na pembe zilizojipinda, majike huwa wekundu wekundu wenye mistari myeupe mgongoni, na kwato zao ni ndefu zilizopanuka ili wasizame kwenye tope.

"Hao ni wote," mama akasema. "Nakuuliza huyu wetu. Dume au jike?"

Nilirudi kichwani kwangu kwenye ile ghuba nikamtafuta. Niliona mafunjo. Niliona maji magotini mwake. Halafu niliona mabega ya mama, kitambaa chake, na ile nafasi ndogo kati ya uso wake na mahali ulipopaswa kuelekea, nafasi ambayo ningeweza hadi leo kuipima kwa rula. Zaidi ya hapo sikuwa nimetazama kitu kingine.

"Sijui," nikamwambia. "Sikumwona vizuri, nilikuwa nakutazama wewe."

Boti ilikuwa inapiga mawimbi. Mama akacheka kidogo, puani, kama alivyokuwa anacheka akisahihisha madaftari ya darasa la tatu.

"Basi tuko sawa na babu yako," akasema, akatafuta mkono wangu pale ulipokuwa, akaukosa, akaupata.